Volyumu zenye vituo: nilichokikuta baada ya kuzifungua na kuzipima

Nilikwenda Kariakoo kutafuta volyumu kuu za amplifaya tatu zilizokuwa zimeanza kukwaruza, nikiwa na nia ya kununua zile za kawaida zinazozunguka kwa ulaini kutoka mwanzo hadi mwisho. Muuzaji akafungua pakiti ya nailoni na kunimiminia juu ya kioo cha kaunta volyumu za aina nyingine, zile ambazo ukizizungusha hualika, tik, tik, tik, na mkono ukahisi kila mwaliko. "Fundi, chukua hizi zenye klik, sauti inapanda kwa hesabu," akaniambia. Nilipomuuliza, "Hesabu gani, kaka?" akaizungusha moja karibu na sikio langu na kusema, "Si hiyo unaisikia mwenyewe?" Nilinunua sita za stereo, zenye kilo-omu 50 na alama A, kwa shilingi 3,500 kila moja, pamoja na nne ndogo za kilo-omu 10 zenye alama B ambazo zina kituo kimoja tu katikati, yaani mahali pamoja tu pa kualika, kwa shilingi 1,500 kila moja. Hakuna hata moja iliyoandikwa jina la mtengenezaji. Mapitio haya yanahusu bidhaa hizo, na kwa sehemu kubwa yanahusu ile kauli ya kwamba sauti inapanda kwa hesabu, kwa sababu nimewasikia mafundi wenzangu wakiirudia na wateja wakiilipia.

Kwanza nilitoa sadaka moja na kuifungua. Masikio manne ya bati yanayoshikilia mgongo wake yalinyooka kwa bisibisi bapa bila shida, na ndani yake nikakuta vitu viwili visivyohusiana kabisa. Nyuma kuna vibao viwili vyenye ukanda wa kaboni uliopinda kama kwato ya farasi, na juu ya kila ukanda unatambaa ulimi mdogo wa shaba wenye vidole vinne, mithili ya kitana, ambao ndio unaochukua umeme kutoka mahali popote unapogusa. Mbele, karibu na shingo ya shafti, kuna kisahani kilichochongwa vibonde vidogo vilivyopangwa kwa nafasi sawa, na juu yake imelala springi ya chuma chembamba yenye kinundu kimoja. Shafti inapozunguka, kisahani huzunguka nayo, kinundu hupanda mgongo wa kibonde na kutumbukia katika kinachofuata. Ule mlio tunaousikia ni wa springi kutumbukia. Grisi nzito iliyopakwa hapo ndiyo inayofanya mlio uwe mzito na wa heshima badala ya kulia kama kopo la dagaa. Baina ya chumba cha mbele na kile cha nyuma hakuna waya wala mguso wowote wa umeme.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu ndilo linalozua kutoelewana. Rigaleta ya feni ya dari, ile yenye namba 1 hadi 5, nayo hualika, lakini ile ni swichi: baina ya 2 na 3 hakuna kasi nyingine yoyote, na kila namba ina njia yake ya umeme iliyopangwa kiwandani. Volyumu yenye vituo si hivyo. Ukiikamata kwa nguvu kidogo na kuisimamisha juu ya mgongo, katikati ya kituo cha saba na cha nane, ulimi utakuwa umesimama juu ya kaboni kama kawaida na sauti itakuwa ya katikati ya vituo hivyo viwili. Umeme haujui kwamba kuna vituo. Vipo vifaa vya sauti ambavyo ni swichi kweli, ambavyo fundi hupanga rezista moja moja kwa kila hatua, mara nyingi hatua 24, na bei yake ni mara nyingi ya hiki ninachokizungumzia. Mwenye kununua volyumu ya shilingi 3,500 kwa kudhani amepata kifaa cha namna ile amejidanganya mwenyewe, hata kama muuzaji alimsaidia kidogo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mzunguko wa volyumu hizi ni takriban nyuzi 300, na vituo ni 41, yaani ukitoka mwisho wa kushoto unaalika mara 40 hadi ufike mwisho wa kulia, kila mwaliko nyuzi 7.5. Kwa mkono, hatua zote ni sawa. Ili nijue kama zinalingana kwa umeme pia, nilichukua chaja ya simu inayotoa volti 5, nikaunganisha chanya kwenye mguu wa juu na hasi kwenye mguu wa chini, kisha nikapima volti za mguu wa kati kwa mita, mwaliko baada ya mwaliko. Kipimo hiki hakihitaji osiloskopu wala maabara, na yeyote mwenye mita ya kawaida anaweza kukifanya kwa robo saa.

Kwenye mwaliko wa 20, ambao ni nusu kamili ya safari, mita ilisoma milivolti 750, sawa na asilimia 15 ya volti 5. Hiyo ni dalili njema kwamba alama A ni ya kweli, kwa maana ya kwamba ukanda ni wa logarithimu, unaopanda polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni, kama inavyotakiwa kwa sauti. Ingekuwa ni ukanda mnyoofu, nusu ya safari ingetoa nusu ya volti. Lakini ukanda wa logarithimu wa bei hii si logarithimu halisi. Kiwandani huchapwa vipande viwili vya kaboni vilivyonyooka, kimoja cha polepole kutoka sifuri hadi katikati, na kingine cha kasi kutoka katikati hadi mwisho, na sikio linatarajiwa kusamehe ile kona. Athari yake kwa hatua zetu zinazodaiwa kuwa za hesabu ni hii. Mwaliko wa kwanza ulitoa milivolti 37 na wa pili milivolti 75, yaani sauti iliruka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa mpigo mmoja. Kutoka mwaliko wa 19 kwenda wa 20 ongezeko halikufika hata nusu ya desibeli. Mwaliko mmoja mbele, kutoka wa 20 kwenda wa 21, ongezeko likaruka tena hadi takriban desibeli 2, kwa kuwa hapo ndipo ulimi unapovuka kona na kuingia kipande cha kasi. Na mwisho kabisa, kutoka mwaliko wa 39 kwenda wa 40, nilipata chini ya desibeli 0.4, tofauti ambayo ni nadra sikio la kawaida kuitambua.

Kwa hiyo hatua zinazolingana mkononi zinatofautiana masikioni kwa zaidi ya mara kumi. Sisemi kwamba volyumu laini ya bei hiyo hiyo ingekuwa bora, maana ukanda wake ni ule ule na kona yake ni ile ile. Tofauti ni kwamba volyumu laini haijidai. Yenye vituo inakupa hisia ya kipimo, na hisia hiyo ni ya springi tu.

Kipimo cha pili ndicho kilichonikera. Volyumu ya stereo ni volyumu mbili juu ya shafti moja, na kanda zake mbili zinatakiwa kwenda pamoja ili sauti ya kushoto na ya kulia zisipishane. Kwenye mwaliko wa nne, mahali ambapo mtu husikilizia muziki usiku watoto wamelala, moja ya zile volyumu ilitoa milivolti 150 kushoto na milivolti 110 kulia. Hiyo ni tofauti ya desibeli 2.7, na mwimbaji aliyerekodiwa katikati unamsikia amesogea kuelekea spika ya kushoto. Kwenye mwaliko wa 20 tofauti ilikuwa milivolti 750 kwa 790, chini kidogo ya nusu desibeli, ambayo haina neno. Ugonjwa huu wa kutolingana chini kabisa ni wa volyumu za kaboni kwa ujumla, kwa sababu pale chini kiasi kidogo cha kaboni iliyochapwa vibaya ni sehemu kubwa ya ukinzani wote uliopo. Katika tano zilizobaki baada ya ile niliyoifungua, tatu zilikuwa ndani ya desibeli 1 kuanzia mwaliko wa tatu kwenda juu, na mbili zilikuwa na kasoro hii. Vituo haviwezi kuiponya. Kinyume chake, vinaifanya ionekane zaidi, kwa kuwa kwenye volyumu laini ungeisogeza nywele moja na kupata mahali penye nafuu, ilhali hapa springi inakurudisha kwenye kibonde kile kile kila mara.

Hata hivyo kurudi huko ndiko kunakostahili fedha. Niliiweka volyumu kwenye mwaliko wa 20, nikaipeleka sifuri, nikairudisha kwa kuhesabu mialiko huku nimefumba macho, nikarudia mara kadhaa. Mita ilisoma 750, 748, 753, 749. Kisha nikafanya vivyo hivyo kwa volyumu laini niliyokuwa nayo sandukuni, nikitumia macho na mstari wa rangi juu ya nobu, na nikajikuta mara 690, mara 820. Kitu kimoja tu cha kuangalia: ukifika kwenye kituo ukitokea kushoto, na ukifika kwenye kituo hicho hicho ukitokea kulia, utaona tofauti ndogo ya milivolti tano hadi nane, kwa sababu shafti ina mchezo kidogo ndani ya shingo yake na ulimi hukokotwa nyuma. Kwa sauti ni kitu kisichosikika.

Anayefaidika na jambo hilo ni mtu ambaye mpangilio wake unajirudia. Msikiti au kanisa lenye amplifaya moja na wahudumu wanne wanaopokezana zamu linaweza kuandika kwenye karatasi ya kubandika ukutani kwamba maikrofoni ya mimbari ni mwaliko wa 18, na kesho yake mtu mwingine akaifikia bila kupiga mluzi wa spika katikati ya ibada. Vilevile amplifaya inayofungwa kwenye gari la matangazo, ambako mtikiso wa barabara na besi ya spika zenyewe hutosha kuihamisha nobu laini pole kwa pole, hutulizwa na springi hii kama kitasa kinavyotuliza mlango. Mpiga muziki anayeshusha sauti kwa kuiteleza taratibu wimbo unapoisha hatapendezwa nayo hata kidogo, na nisingempendekezea. Hata miongoni mwa volyumu zinazoheshimiwa zaidi na wajenzi wa amplifaya, kama RK27 ya kampuni ya Alps ya Japani, zile zinazotumiwa sana kwa sauti kuu huzunguka kwa ulaini mzito bila kualika popote. Ubora na mwaliko ni mambo mawili.

Zile ndogo zenye kituo kimoja katikati nimezipenda bila masharti mengi, na bei yake ni chini ya nusu. Kwenye mikisa, nobu za besi na treble hutakiwa ziwe na mahali pa kusema hapa sijaongeza wala sijapunguza, na mahali hapo ni katikati. Saketi inayotumika katika mikisa na amplifaya nyingi kwa kazi hiyo inatokana na ile aliyoichapisha Mwingereza Peter Baxandall katika jarida la Wireless World mwaka 1952, na uzuri wake ni kwamba hutumia volyumu ya ukanda mnyoofu, hivyo nusu mbili zikilingana sauti hupita bila kuguswa. Kibonde kimoja cha katikati humwambia mkono, hata gizani, kwamba amefika. Swali ni kama katikati ya kibonde ni katikati ya kaboni, kwani kisahani na ukanda hutengenezwa mbali mbali na kuunganishwa baadaye. Kwa volti 5, katikati nilitarajia volti 2.50, katika nne hizo nilipata 2.47, 2.52, 2.55 na moja iliyopotoka hadi 2.41. Hata hiyo ya mwisho, ukiiweka kwenye saketi ya Baxandall, itakuongezea au kukupunguzia kama nusu desibeli hivi, na nisingeirudisha dukani kwa ajili ya hilo.

Hapa lazima nikiri kosa langu la miaka kadhaa iliyopita, kwa kuwa najua sikulifanya peke yangu. Mteja alileta amplifaya ambayo nobu ya balansi, ile inayogawa sauti kati ya kushoto na kulia, ilikuwa imekufa. Niliona ina kituo katikati, nikachukua volyumu ya ukanda mnyoofu yenye kituo katikati, nikalehemu, nikafunga nati, nikafurahi. Siku ya pili akarudi akisema amplifaya imepungua nguvu, na alikuwa sahihi. Volyumu ya balansi ina kanda za namna yake, ambazo kwa kawaida huandikwa alama MN: nusu ya kila ukanda ni madini yasiyo na ukinzani wa maana, na nusu nyingine ni kaboni, zikipangwa kinyume. Nobu ikiwa katikati, pande zote mbili hupata sauti kamili, na ukienda kushoto ni ya kulia tu inayopungua. Ukiweka ukanda mnyoofu mahali pake, katikati kila upande hupata nusu ya volti, nawe umempunguzia mteja desibeli 6 kwa mikono yako. Kwa nje zinafanana kama mapacha, mwaliko ni ule ule, hata miguu ni ile ile. Pakiti niliyonunua safari hii nayo iliandikwa kwa kalamu "balansi", na zilikuwa B tupu, yaani za ukanda mnyoofu. Nilizijua kwa mita pale pale kaunta, na muuzaji akakubali kulifuta neno hilo.

Kituo cha katikati kina hasara yake pia, nayo huonekana pale mtu anapohitaji kusimama karibu sana na katikati bila kuwa katikati. Ma-DJ wa zamani waliotumia santuri wanaikumbuka mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, ambayo kitelezi chake cha kasi kilikuwa na kibonde kwenye sifuri: ukitaka kuongeza kasi kwa chembe tu, springi hukuvuta kurudi sifuri, na ukiikwepa unajikuta umezidisha. Baadaye kwenye SL-1200MK3D kibonde hicho kiliondolewa na kikawekwa kitufe cha kurudisha sifuri. Kwa nobu za besi na treble tatizo hili halina uzito, kwani hakuna anayetafuta robo ya desibeli kwa mkono mbele ya umati.

Tahadhari nyingine ya haraka kwa wanaotengeneza redio za magari: nobu inayoalika na kuzunguka bila mwisho, mizunguko hata kumi, si potensiometa, yaani si volyumu ya ukanda kama hizi. Ni enkoda, inayotuma mapigo kwa kompyuta ndogo ya redio, na ingawa nayo mara nyingi ina miguu mitatu, hakuna volyumu katika mapitio haya inayoweza kushika nafasi yake.

Kuhusu uimara, miezi michache haitoshi kuhukumu, lakini ujenzi unasema mengi. Katika zile kubwa, springi na kisahani ni vya chuma, na kwa sisi tunaoishi karibu na bahari chuma kisicho na grisi huota kutu hata ndani ya kabati. Ndiyo maana mtu anayetibu mkwaruzo kwa kupulizia dawa kali ya kusafishia kupitia shingo ya shafti hujiletea balaa: dawa huyeyusha grisi, humwaga uchafu wa mbele juu ya kaboni ya nyuma, mwaliko uliokuwa mzito unakuwa mkavu wa kukereketa, na baada ya wiki mbili mkwaruzo unarudi. Dawa ipulizwe kidogo kupitia tundu la nyuma karibu na miguu, shafti ikiwa inatazama juu. Katika zile ndogo kisahani ni cha plastiki, na natarajia kibonde kilainike kwa matumizi, ingawa kibonde kimoja kinachopitwa mara chache kwa siku kina maisha marefu kuliko vibonde 41 vinavyopandwa kila sauti inapoguswa.

Shafti za zote ni za milimita 6. Hizi kubwa ni za mviringo na ndefu, hukatwa kwa msumeno wa chuma, na uwe umeibana shafti yenyewe kwenye jiliwa, si mwili wa volyumu, la sivyo mtikiso wote unaishia kwenye masikio ya bati. Ndogo zina meno, kwa hiyo nenda dukani na nobu zako mkononi.

Nikirudi dukani nitanunua tena zile ndogo bila kusita. Zile za vituo 41 nitazinunua kwa sharti la kuzipima kabla ya kulipa, chaja na mita vikiwa mfukoni, mwaliko wa nne kwanza, pande zote mbili. Muuzaji mwenye haraka atanuna, lakini wa kwangu alinisogezea kiti. Tatu zilizo nzima zimeshaingia kwenye zile amplifaya tatu. Zile mbili zenye pande zisizolingana sikuzirudisha, kwa sababu nilikuwa na amplifaya mbili za honi za msikiti zinazosubiri kazi, na zile ni za mono: nimelehemu upande mmoja wa kila volyumu, upande wa pili nimeuacha bila waya, na pale mwaliko wa nne ni mwaliko wa nne tu, hauna mwenzake wa kubishana naye.